Herufi za Kushikana

Bagira, jumatano

Dada Virginie,

Kitabu cha sauti za herufi cha mutoto wangu Aurore kilipotea kwako Lwiro alipokuja kupumzika mu vakanse, tarehe 12. Unasema mbuzi ilikula kurasa zote 64. Tulikuwa tumefika ukurasa wa 41. Mihogo uliyotuma imefika, aksanti.

Hapa nyumbani namufundisha herufi za kuachana, sawa zile za kitabu. Za kushikana zingengoja tumalize. Lakini amerudi anaandika za kushikana, na d yenye mukia wa kurudi nyuma, vile tu mume wangu Bruno, kaka yako, alikuwa anaandika. Miaka mitatu unaniambia haujui kwenye alienda.

Nikamuuliza mutoto nani alimuonyesha.

«Tantine Virginie alisema nisiseme, Maman.»

Bruno iko kwako? Sitaki salamu. Nijibu ndiyo ao hapana, mbele ya ijumaa saa sita.

Eulalie