Dada Anataka Nimfiche Mama Kwamba Hoteli ya London Imefutwa

Mpendwa Bi Wangeci,

Naomba unisaidie upesi kwa sababu mama yangu anapanda ndege wiki ijayo na mimi siwezi hata kumtazama usoni. Mimi ni taipisti hapa mjini, nakaa Riruta na mume wangu Dalmas, na mama yangu Peres ametoka Nyanza akielekea London kumwona mdogo wangu Phoebe, ambaye amejifungua mtoto wa kwanza huko. Kwa sasa mama analala kwa mjomba Kileleshwa, maana kwangu hawezi, kwetu Wajaluo mama halali nyumba moja na mume wa binti yake, na tangu mwanzo alisema, "London nitaenda, lakini nitafutieni mahali pangu pa kulala." Basi nikampeleka kwenye ofisi ya safari mjini, karani anaitwa Mungai akatuonyesha picha za hoteli, mama akazikataa zile ambazo bafu liko nje kwenye ujia, akasema hawezi kutembea na leso mbele ya watu asiowajua, akachagua moja ndogo karibu na kwa Phoebe, wakapeleka teleksi, jibu likarudi kwamba chumba kimewekwa, na mama akafurahi sana akawaambia wamama wote wa kanisa.

Halafu Phoebe akanipigia simu ofisini. Akasema, "Philister, futa hiyo hoteli. Unataka watu waseme nimemtupa mama yangu lojing? Chumba cha mtoto kiko."

Nikamwuliza, "Na Hezekiah?" Huyo ndiye mume wake.

"Hezekiah anatoka asubuhi mapema, hawataonana. Usimwambie mama kitu. Akifika nitamwambia hoteli zimejaa. Akishaingia ndani, atafanya nini?"

Bi Wangeci, nilienda nikafuta. Sasa mama ananiuliza kama kule hotelini kuna maji ya moto, na mimi najibu, ndiyo mama, ndiyo mama, na ninamjua, atakaa kwenye kiti na koti lake mpaka kuche kuliko kulala kwa Phoebe. Nimtii nani?

Philister, Riruta

BI WANGECI ANAJIBU

Philister, kwa sababu safari ilikuwa karibu nilikupigia simu ofisini kwako, lakini nayachapa tuliyosema kwa ajili ya wengine wenye dada kama Phoebe.

Nakuonea huruma, maana umebanwa katikati. Lakini hoteli uliifuta wewe, kwa miguu yako. Mama yako ni mtu mzima, alichagua chumba kwa macho yake, na nyinyi wawili mnampanga kama kifurushi cha posta. Nilikuuliza, "Mama angelala kwako Riruta, Dalmas angefanya nini?"

Ukajibu, "Angeenda kulala kwa rafiki yake."

"Na Hezekiah aende kwa nani, na baridi ile?"

Nikakuambia urudi kwa Mungai siku hiyo hiyo, halafu umwambie mama mwenyewe, wala usimtume mjomba. Ulirudi. Chumba kile kilikuwa kimeshachukuliwa, lakini Mungai akapata kingine mtaa wa pili, bafu ndani, tena chini, asihangaike na lifti. Ulinieleza kwamba ulipomwambia mama, alimaliza chai yake yote kwanza, ukadhani safari imekufa. Kisha akasema, "Mwandikie Phoebe. Mtoto nitamshika mchana kutwa, na jioni anisindikize kwangu."

Umesikia? Kwangu. Hakuna aliyetupwa lojing.

Sasa fanya haya. Jibu la hoteli lenye jina na mtaa litiwe kwenye mkoba wa mama, si ndani ya sanduku, kwa sababu mkaguzi wa pasipoti atamwuliza analala wapi, na ni vizuri awe na jibu la kweli. Hezekiah aende kumsalimu hotelini, pale chini wageni wanapokaa, avae vizuri na asikae sana. Nawe ukimwomba mama radhi, usimtaje Phoebe.

Na wewe Phoebe, dada yako akikutumia gazeti hili: mama akitua, usianze kumvutavuta kwenda kwako. Mpeleke hotelini, aoge, abadilishe nguo, apumzike. Akiwa tayari, mpe mjukuu wake ampakate.