Mabubu Thelathini wa Kundi la Ngoma

Jumanne, Mpumudde, Jinja. Mvua inapiga bati tangu alfajiri. Mimi nimekasirika tangu kabla ya mvua.

Naandika kwa kidole kimoja kama kawaida. Kidole hiki kimeijaza blogu hii peke yake, na nawajua watu wenye digrii, wametundika picha za joho ukutani, ambao hawajaandika hata barua ya kuomba msamaha. Mimi niliishia darasa la tatu. La nne nililiona kwa dirisha. Herufi ikikosea, wewe unayesoma irekebishe kichwani mwako, usiniletee.

Na Kiswahili changu nilikipata kiwandani, kwenye mashine za nguo, kwa wasimamizi Wakenya ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kutugombeza. Ni Kiswahili kizuri. Hapa mtaani nikikisema, kuna akina mama mpaka leo wanafunga mlango, wanadhani ni afande wa zile zamani za jeshi amekuja kuchukua kuku.

Waache wafunge.

Habari yenyewe ni hii. Mjukuu wangu Mafabi anatahiriwa mwezi ujao, kwetu Mbale. Sisi Wagisu hatumpeleki kijana kwenye kisu kimyakimya. Anatembezwa kijiji kwa kijiji na kadodi, zile ngoma zetu za kuning'iniza begani, na anatembea na wimbo wake. Zamani wimbo ulitungwa njiani. Mmoja anatupa mstari, wa pili anaudaka, wa tatu anaongeza chumvi, mpaka jioni wimbo umeota miguu. Leo ukoo umetapakaa. Huyu yuko Mbale, huyu Jinja, huyu anaendesha lori za Malaba, huyu yuko Uarabuni anafua nguo za watu. Watatunga kwa njia gani?

Nikawapa njia. Nikafungua kundi kwenye simu, nikaliita Ngoma ya Wote. Mimi, si mwingine.

Kuna kijana wa ofisi moja Nalufenya aliwahi kutuita wastaafu kwenye semina ya kujenga jumuiya za mtandaoni. Ana tai, na picha zake zinajibadilisha zenyewe ukutani. Akasema jumuiya inataka dira, inataka mkakati, inataka nembo. Nilikula chapati yake nikaondoka. Jumuiya inataka mtu wa kuanza na watu wa kujibu. Ngoma inalijua hilo na haijawahi kwenda semina.

Siku ya kwanza niliiweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ipate tumbo, nikakaa mbali hatua tatu, nikapiga mapigo ya kufungulia. Yale mapigo ambayo ukoo mzima unayajua kuwa ni yangu. Nikatuma. Nikasema: kila mtu alete kipande chake, hakuna kufuta cha mwenzake, hakuna maua ya kuamkiana asubuhi wala matangazo ya dawa za mgongo.

Na walileta! Hilo siwezi kukataa. Nambozo, binti wa marehemu ndugu yangu, anauza vitunguu soko la Mbale. Alileta mstari wake na kelele zote za soko nyuma, na mteja mmoja akilalamika, na mlalamiko wenyewe ukaingia sawa na ngoma. Bwana Jaspal, Kalasinga wa duka la spea hapa mjini, amezaliwa Jinja na babake kazaliwa Jinja, nilimwingiza kwa sababu ana mkono. Aligonga rimu ya gari kwa spana. Ikalia kama njuga za mapaja ya Mafabi mwenyewe. Mwalimu Isabirye, mstaafu wa Budondo, Msoga kwa kabila, alileta methali ambazo hakuna aliyemwomba. Watu wakafika thelathini na mmoja. Wimbo ukawa unanenepa kila siku.

Halafu wakaniharibia.

Karibu na mwisho wa wimbo kuna mapigo manane. Hapo nyumbani kwetu mwanaume mkubwa wa nyumba hutaja majina ya waliotangulia. Yeye tu. Mwingine akiyataja ni kama hakusema kitu. Na aliyeachwa, wazee walituambia, atakuja kujitaja mwenyewe, na saa atakayochagua ni ile kisu kiko kwenye ngozi. Kijana anashtuka. Kijana wa Kigisu akishtuka chini ya kisu, aibu hiyo anazeeka nayo.

Mwanaume mkubwa wa nyumba ni mimi. Nikamtaja babangu, nikamtaja babu, nikamalizia: mjukuu wa simba halii. Simba ni nani? Nisaidie, shajara. Ni nani mwingine?

Nambozo akatuma sauti, mbele ya watu wote.

“Baba Mkubwa, hao wawili wamekufa, sawa. Wewe simba bado unakula posho. Baba yangu umemweka wapi?”

Zikaanza nyuso za kucheka. Moja, tano, kumi. Mpaka yule wa Uarabuni, anakatizwa usingizi anacheka. Mwalimu akaandika kwamba swali ni zuri. Swali zuri! Nikajibu kwamba mapigo ni manane, majina ni mengi, nafasi haikutosha. Wakacheka tena.

Nikaingia kwenye sehemu za ndani za kundi, kule wanakoogopa kuingia wengine, nikatafuta pa kuzima kucheka. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Nikarudi.

Kimya.

Hakuna aliyesema neno. Kesho yake kimya, keshokutwa kimya. Nilifurahi, nikiri. Nikasema hivi ndivyo ilivyo, simba akinguruma fisi hukumbuka kazi nyumbani. Lakini siku ya tano nikataka mstari, kwa sababu wimbo una shimo na tarehe inakuja. Nikawaomba kwa upole. Kimya. Nikawaomba bila upole. Kimya. Basi nikawapa hotuba, kila asubuhi moja, nyingine ndefu kuliko misa. Nikawaita mabubu. Nikawaita magunia. Nikamwambia Mwalimu kwamba shule alizofundisha ndiyo maana zilianguka mapaa. Nambozo akanipigia simu mara nyingi, sikupokea. Sipokei simu za waasi.

Kisha nikaanza kuwatoa. Leo watatu, kesho wawili. Mwalimu nilimtoa mapema. Nambozo nilimtoa siku ya Jumapili, baada ya ibada, nikiwa na moyo safi.

Leo asubuhi walibaki wanane. Nikasema sasa Jaspal atanieleza uso kwa uso. Nikapanda boda kwenye mvua, nikiwa nimevaa mfuko wa nailoni kichwani, nikaingia dukani kwake namwaga maji kwenye fani belti zake.

“Wewe bubu,” nikamwambia, “rimu yako imepata kutu?”

Akanitazama. Akaweka chai chini. “Mzee, unatania au hujui?”

“Nijue nini?”

“Wewe si ndiye umefunga? Lete simu.”

Akaishika kama mtu anayeshika mtoto wa jirani mwenye makamasi. Akaniwekea ya kwake kando. Kwenye ya kwake, chini, palikuwa na maandishi madogo ya kijivu mahali ambapo kwangu pana pa kuandikia. Akanisomea: msimamizi peke yake ndiye anaruhusiwa kutuma ujumbe.

“Wiki mbili sasa,” akasema. “Tunakusikia kila siku. Hatuwezi kujibu. Umekuwa kama redio ya wakati ule wa wanajeshi, bwana. Mke wangu asubuhi anauliza, huyo mzee leo anamtukana nani?”

Msimamizi ni mimi. Msimamizi peke yake.

“Nilijua,” nikasema. “Nilikuwa nawapima.”

Jaspal ni mtu wa heshima. Hakucheka. Aliinama kutafuta kitu chini ya meza kwa muda mrefu sana, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Shajara, nimetukana watu thelathini wiki mbili kwa kukosa kunijibu, na mdomo wao nilikuwa nimeufunga mimi mwenyewe. Nimewafukuza kwa kosa la uvivu huku wamesimama nje ya mlango, na ufunguo ninao mimi mfukoni. Naandika hapa mara moja. Sitaandika tena.

Ningeondoka hapohapo. Lakini Jaspal akaniuliza kama nataka kuusikia wimbo.

“Wimbo gani?”

Wamefungua kundi lingine. Nambozo ndiye msimamizi. Kila niliyemtoa alikwenda huko, na hawa wanane ninaodhani ni wangu wako huko vilevile, kwangu wamebaki kwa adabu tu, kama watu wanaobaki kwenye msiba kwa sababu chakula hakijapakuliwa. Nikataka kusema ni takataka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Akabonyeza.

Ulianza na ngoma yangu. Ileile ya sufuria. Hawakuifuta. Juu yake rimu, juu ya rimu soko la Mbale, na yule mteja anayelalamika wamemweka mara mbili. Mwalimu ameleta methali moja tu, na imekaa. Yule wa Uarabuni anaimba kwa sauti ya chini sana, nadhani tajiri wake alikuwa karibu. Na Mafabi mwenyewe yumo. Sauti yake imekuwa nzito, sikujua. Anaitikia kila mstari, hapotezi hata mmoja.

Ulikuwa mzuri kuliko nilipouacha. Nimeusikiliza nikitafuta kosa mpaka shingo ikauma.

Halafu karibu na mwisho wote wakanyamaza. Ngoma ikaendelea peke yake. Mapigo manane, hakuna mtu.

“Simu yako imekata,” nikamwambia Jaspal.

“Haijakata. Hapo Nambozo amekataza mtu kuingia. Mwalimu alitaka kujaza, akamwambia, Mwalimu, hapo ni pa Baba Mkubwa. Akikataa, pabaki hivyohivyo, Mafabi atembee na shimo lake.”

Nikamwambia mvua imepungua, naenda.

Haikuwa imepungua.

Njia nzima nilikuwa natafuta tusi la Nambozo. Mimi si mtu wa kukosa tusi. Nimewahi kumtukana msimamizi wa kiwanda mpaka akaomba uhamisho. Leo nimefika nyumbani mikono mitupu.

Nimekaa na chai mpaka imepoa. Nitasema jambo lingine hapa, kwa sababu watu wanaosoma blogu hii ni wachache na wengi wao ni wajinga.

Yale mapigo ya kufungulia si yangu.

Ni ya Wamono, ndugu yangu mdogo, baba wa Nambozo. Aliyapata akiwa kijana, tumekaa kwenye matuta ya shamba la kahawa, anagonga mkebe kwa vidole. Mimi nilijifunza kwake mwaka mzima ndipo nikayashika, na hata nilipoyashika yalikuwa yanachechemea. Alipotangulia nikayabeba, na watu wakasahau, na mimi sikuwakumbusha. Mtu akinisifia nilisema asante. Ndiyo maana jina lake halikutosha kwenye mapigo manane. Ningelitaja, mtu mmoja mwenye kumbukumbu angeuliza: huyo si ndiye mwenye ngoma?

Nambozo alijua. Alijua siku zote, nadhani. Na hakuuliza habari ya ngoma. Aliuliza tu baba yake yuko wapi.

Na mimi nilikuwa tayari mtoto ashtuke chini ya kisu, ili nibaki simba.

Jaspal amenitumia njia ya kuingia kwenye kundi lao. Nimeibonyeza saa tisa. Imeandikwa: subiri msimamizi akukubali. Mimi, mwanzilishi, nimesimama mlangoni kama muuza maembe. Nambozo yuko sokoni, ana mikono ya vitunguu, hatashika simu mpaka afunge meza. Au ameona na ananiacha nipigwe na mvua kidogo. Mimi ningemwacha.

Na hapa nataka ieleweke: bado nawadharau. Wanatuma nyuso badala ya maneno. Mwalimu bado anajifanya kamusi. Yule mwenye tai wa Nalufenya bado hajui kitu. Kundi la Nambozo limepewa jina baya, Wimbo wa Mafabi, jina ambalo hata mtoto angelifikiria. Halina nembo wala halina hotuba ya asubuhi. Nikikubaliwa nitawaambia hayo yote.

Lakini si kwanza.

Wakati nasubiri nimelifungua kundi langu. Nimeipata ile sehemu, kwa miwani, bila kusaidiwa na mtu, nikawafungulia watu midomo. Dakika haijaisha, Jaspal akatuma mlio mmoja wa spana kwenye rimu. Ngriii.

Basi nimeileta sufuria. Nimeweka simu ndani, nimerudi hatua tatu, nimeichukua ngoma begani. Sikurekodi, nilitaka kupima tu. Nikapiga yale mapigo ya kufungulia polepole, kwa namna ndugu yangu alivyokuwa anayapiga mwenyewe, akivuta kidogo pigo la tatu. Nikafika kwenye yale manane, nikamtaja babu. Nikamtaja babangu. Nikalitaja jina la Wamono, mara yangu ya kwanza kulitoa mdomoni tangu tumzike.

Jina lake limeingia lote ndani ya mapigo manane. Na bado yamebaki mawili.