Kamba Alizofunga Bibi Yako

Chumba cha chini, nyuma ya kiwanda cha mikate,
Mtaa wa mafundi.
Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa sita.

Mpendwa mjukuu wangu Chiriku,

Pokea salamu kutoka kwa babu yako, Mfalme wa Tairi Moja. Hujambo wewe? Goti linaendeleaje? Umeandika kwamba limevimba kidogo, nami nakujua, kidogo chako huwa ni kikubwa usichotaka kukisema. Likande kwa maji ya moto, na ukilala uliweke juu ya mto. Wenzako wa kikundi hawajambo? Yule binti anayekushikia baiskeli amepona kikohozi?

Mimi sijambo. Nakula, nalala, naamka. Meno yangu ya mbele bado yapo yote, na mtaa huu hauna mzee mwingine wa rika langu anayeweza kusema hivyo.

Shangazi yako kila akija huniuliza, "Baba, unajisikiaje?" Namwambia sijisikii. Anadhani namkatisha maneno, lakini ndivyo ilivyo. Tangu tumzike bibi yako nipo kama mguu uliokufa ganzi. Ukiugusa unajua ni wako, basi. Watu walilia hapa, mimi niliwapangia viti.

Wewe usijilaumu kwa kutofika. Yeye mwenyewe angekwambia, "Mke mwenzangu, usimalize nauli kuja kunitazama nimelala."

Sasa nije kwenye kuanguka kwako. Unasema kamba ya kiatu ilijizungusha kwenye pedeli, na kiongozi wenu ametamka kwamba Jumamosi atawatazama upya, na ukianguka mbele yake utatolewa kwenye baiskeli ukakae mlangoni kuuza tiketi. Mjukuu wangu mimi hauzi tiketi. Watu wanakata tiketi waje kututazama sisi. Kwa hiyo sikiliza.

Naanza na nguo, kwa sababu habari ya nguo naijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Watu wa baiskeli ya kawaida hufunga mguu mmoja wa suruali, ule wa upande wa mnyororo. Yetu ya tairi moja haina mnyororo, basi wajinga hawafungi hata mmoja. Sisi tuna mkono wa pedeli kulia na kushoto, funga yote miwili. Suruali ibane kuanzia gotini, pindo liishie juu ya kifundo, kisha ukate kipande cha tyubu kuukuu ukivishe juu yake kama bangili. Pini usitumie. Pini ikifunguka inajichagulia pa kukuchoma.

Hilo gauni la kumetameta wanalotaka kukuvalisha, mwambie fundi cherehani wenu alipasue katikati alishone liwe suruali, na mbele aache kitambaa cha kudanganya macho, kifupi, kisifike gotini. Nyuma lisishuke chini ya kiti hata kidogo. Tairi iko pale chini ya makalio yako na haina adabu, ikishika nguo haiachi. Mtandio wavae waliokaa kwenye viti.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja tukimwita Tausi. Alijishonea koti lenye mikia miwili kama la mpiga muziki wa harusini. Nikamwonya. Akanijibu, "Wewe kaa na suruali yako fupi, wivu utakuua." Mzunguko wa kwanza tu mkia mmoja ukaingia kati ya tairi na uma wa baiskeli. Tairi ikamvuta nyuma kama mama anayemvuta mtoto sokoni. Akabaki amesimama na kola na mikono ya koti, mgongo wote nje. Watu wakapiga makofi wakidhani ndio mchezo wenyewe. Mimi nikampita pembeni, nimekunja mikono kifuani, natabasamu. Hakuna mwingine pale aliyeweza kupanda amekunja mikono.

Kamba za viatu ni jambo jingine. Viatu visivyo na kamba usivijaribu, pedeli ikipanda kiatu kinabaki nyuma. Utepe wa gundi nao mguu ukitoka jasho unabanduka, halafu utepe wenyewe ndio unaonaswa. Lazima kamba, na lazima zifungwe na mtu anayejua.

Ndiyo maana umeniomba nikuandikie fundo la bibi yako, lile ambalo halikuwahi kulegea mbele ya watu.

Kwetu anayepanda hafungi. Anafunga aliye chini. Unakaa kwenye kiti cha baiskeli, mgongo ukutani, uzito unashuka, mguu unajaa ndani ya kiatu, hapo ndipo kamba zinakazwa. Ukijifungia mwenyewe ukiwa chini, ukipanda tu kiatu kimelegea. Kwa hiyo miaka yote ya kazi alinifunga yeye. Tulipoacha kazi akaendelea kunifunga kila asubuhi pale jikoni, mimi nimesimama nimeegemea ukuta, yeye kwenye kigoda. Alisema nikijifungia nitaanguka kwenye sufuria.

Ninachojua nakupa. Fundo lisikae katikati ya kiatu, livutwe lielekee upande wa kidole kidogo, kwa sababu mkono wa pedeli uko upande wa ndani. Vitanzi viwe vidogo. Ncha zisining'inie, zipite chini ya kamba zilizokatizana mpaka zipotee.

Lakini fundo lenyewe, namna lilivyoshika, hilo sikulijua. Akinifunga mimi nilikuwa naangalia mbele, kwa watu. Nikiinamisha macho nilichoona ni kitambaa chake cha kichwa.

Asubuhi ile ya mwisho alinifunga kama kawaida. Nikaenda kwa fundi bomba kuulizia mpira wa koki. Niliporudi alikuwa ameegemea ukuta, kigoda kiko palepale, na koki inadondoka. Mpira wa koki nilikuwa nao mkononi. Nikaubadilisha kwanza, ndipo nikaenda kumwita jirani. Sijui kwa nini nilianza na koki.

Tangu siku hiyo kamba sijazifungua. Naingiza mguu kwa mpini wa upawa, nautoa kwa kukisukuma kisigino. Fundi viatu wa hapa nje ameniambia, "Mzee, hicho kisigino umekiua. Fungua kamba kama watu." Nikamwambia kisigino ni changu na mguu ni wangu, yeye ashone vya wenye haraka. Shangazi yako naye alitaka kuzifua. "Zimekuwa nyeusi, baba," na tayari ameshika ncha. Nikamnyang'anya kiatu. Akalia. Nikamwekea chai.

Jana barua yako ilipofika nikakaa kwenye kile kigoda nikafungua cha kushoto, ili nione njia ya kamba nikuandikie. Nilivuta ncha moja, nikidhani nitafuata hatua kwa hatua. Lilifunguka lote kwa mara moja. Miezi yote hiyo limekaa kama jiwe, halafu kuguswa tu likaachia kama mtu aliyekuwa anangoja aruhusiwe.

Nimejaribu kulifunga tena tangu jana. Vitanzi vinageukia ndani, palepale panapokuangusha wewe. Nimempa fundi viatu, akageuza kiatu, akageuza tena, akasema, "Mimi nashona, mzee, hili sijawahi kuliona." Hakunitania. Nilitaka anitanie.

Limebaki la kulia. Shangazi yako amelipiga picha kwa simu akutumie, ameniambia inatosha. Haitoshi. Picha inaonyesha fundo kwa nje, kama kutazama nyumba ya mtu ukiwa barabarani.

Kwa hiyo nakuletea kiatu chenyewe. Dereva wa gari la mikate anapita kwenu kesho, nimekiweka kwenye boksi, nimelijaza karatasi pembeni ili fundo lisigandamizwe. Kiatu chenyewe nimekipiga rangi, kamba sikuzigusa.

Ukikipokea usikifungue wewe. Mpe yule binti anayekushikia. Akae chini, akiweke mbele yake kama vile kimevaliwa, akitazame kutoka upande wake, maana upande wetu wa juu hauonyeshi kitu. Avute kidogo, aache, atazame. Avute tena kidogo. Asivute kama nilivyovuta mimi. Akilipata, akufunge hilohilo Jumamosi. Likiachia lote kabla hajalishika, basi limeachia, fungeni kwa hayo niliyoandika hapo juu, kisha upande baiskeli umenyoosha shingo. Usiniandikie kuomba radhi, sitaisoma.

Naandika nimevaa kiatu cha kushoto, nimekifunga ovyo. Mguu wa kulia uko wazi sakafuni. Sakafu ina baridi. Nimeisikia.

Shangazi yako anakusalimu, anasema ule. Fundi viatu anasema ukimshinda huyo kiongozi wenu atakuwekea soli mpya bure, nami ni shahidi, hawezi kuruka. Dereva wa mikate mpe chai, ni mtu mwema ila anasahau, mwulize boksi kabla hajakaa. Msalimie na binti wa kikohozi, mwambie kazi ya aliye chini ni kubwa kuliko yako. Usimwambie nimesema mimi.

Mungu akushike pale ambapo mkono wa mwenzako haufiki, na Jumamosi akuteremshe kwa miguu yako mwenyewe.

Ukipata ruhusa njoo nyumbani, uje na kiatu changu. Utanifunga wewe. Nitaangalia mbele.

Wako akupendaye, ambaye hajawahi kuanguka mbele ya watu,
Babu yako.