Umnunue Phloi, Lakini Usimchukue

Ban Don Wai,
Roi Et,
9 Septemba 1979

Mpendwa Dada Lamduan,

Niwie radhi kwa kunyamaza tangu sikukuu ya mwaka mpya. Nilikuwa na hasira nawe, na sababu unaijua. Je, u mzima? Kile kikohozi cha vumbi la pamba kiwandani kimekuacha? Huku sisi tunavuta siku tu.

Mwanangu Phloi anaumwa. Homa inashuka asubuhi, jioni inapanda. Dawa za zahanati amezimaliza. Nikimbeba simsikii uzito.

Mama mkwe anasema kosa ni jina. Lile refu alilopewa na mtawa limelala kwenye cheti, halimdhuru mtu. Ubaya ni hili tunalomwitia nyumbani, Phloi, yaani johari. Nani asiyetaka johari? Mapepo nayo yana masikio. Juzi jirani alipita akasema, "Jamani, mtoto mzuri huyu!" Mama mkwe akamrukia: "Mzuri wapi? Sura kama chura aliyekanyagwa! Hebu pita zako!" Nikacheka, halafu nikalia.

Sasa anataka tumlaze binti yangu kwenye ungo tumuuze kwa Bibi Chuai wa nyumba ya pili, ambaye watoto wake wote saba wamekua. Mapepo yakija kwangu yaambiwe huyu si wangu. Nimekataa. Anayenunua ndiye anayempa jina jipya, na ndiye atakayeitwa mama. Siwezi kulisikia neno hilo likivuka ua kila siku. Mama mkwe kanipa mpaka mwezi mpevu: "Ukipita, mwanangu, sikuulizi tena."

Dada, umnunue wewe.

Ila nikuambie wazi. Kwenye sikukuu ile uliniomba nikupe Phloi, kwa kuwa wewe hukujaliwa, ukasema mimi nitazaa wengine. Neno lile linanichoma hadi leo. Basi utamnunua, lakini hutamchukua. Atakuita mama, atalala kwangu. Kama moyo wako hauwezi yote mawili, niambie mapema nimwendee Bibi Chuai.

Mume wangu Decha anakusalimu sana. Mama mkwe pia, kwa namna yake. Mema uliyotenda yakurudie, yakulinde huko Bangkok.

Mpe kondakta wa basi la Roi Et, yule mwenye jino la dhahabu, aniletee: sarafu moja ya baht uliyoishika kwa mkono wako, blauzi yako ya kazini, usiifue, nimfunike nayo mapepo yanuse jasho lako, na jina. Liwe baya, Dada, baya la kuyakimbiza mapepo, lakini liwe lile utakaloweza kulitamka ukimbembeleza.

Mdogo wako akuwazaye,
Nuan