Kwa Baba Eliamani, Kuhusu Kinanda

Mpendwa Baba Eliamani,

Sikuandikii kukusalimu. Salamu zako utazipata mwishoni kama hasira itakuwa imepoa, na kwa jinsi ninavyoikandamiza kalamu hii sidhani. Miaka miwili sasa umelala kaburini pale juu ya shamba la migomba, na miaka yote miwili nimekuwa nikikusemesha kwa upole kila nikipita na mtungi. Leo hapana. Leo nataka tuzungumze habari ya kinanda, ile uliyonikataza kuizungumza ukiwa hai. Jumapili iliyopita nimeambiwa kanisani, mbele ya watu, jambo ambalo mume hapaswi kumficha mkewe kwa miaka tisa.

Nianze mwanzo, maana wewe ulikuwa na tabia ya kuruka mwanzo.

Barua ilitoka kwa mwalimu wa upande wa Taveta, ng'ambo ya mpaka. Mto Lumi ulikuwa umefurika, nyumba zimekwenda na maji, na watu wamekimbilia shule iliyo kilimani. Ukaisoma kanisani kwa sauti yako ile ya kutangazia nyimbo, kisha, bila kumuuliza mtu, ukasema kwaya yako itakwenda Kenya na chakula na nyimbo. Watu wakaitikia. Kila nyumba ilileta mahindi na maharage, hata wale ambao ghala zao nilizijua zina nini. Hapo sikuwa na neno. Neno langu lilianza jikoni.

"Tusage," nilikuambia. "Watu wa mafuriko watatoa wapi kuni kavu? Mahindi mazima na maharage ni makande, na makande yanakula kuni nusu siku."

"Unga utalowana njiani, Mama Eliamani. Punje haina shida."

"Punje haina shida mpaka uitafune."

Ukacheka. Wazee wa kanisa nao wakacheka, wakakuunga mkono wote, maana Mpare gani atasimama kubishana na makande? Tumeyala tangu tulipoota meno. Sisi watu wa mlimani, wenye msitu nyuma ya nyumba, haikutuingia akilini kwamba duniani kuna mahali mtu ana chakula na hana cha kukipikia. Nami, nakiri, nilinyamaza mapema kuliko ilivyonipasa.

Kisha ukaleta la kinanda. Kinanda chenyewe cha kukanyaga, kilicholetwa kutoka Ulaya kwa ajili ya usharika mzima, cha pekee katika mlima wetu. Nikakuuliza kama mtu aliyepotewa na nyumba anahitaji kinanda. Ukasema, "Anakihitaji kuliko unavyodhani." Vijana wanne ambao wangebeba magunia wakabeba kinanda. Turubai tulikuwa nalo moja, ukakivika kinanda na kukifunga kamba kwa uangalifu kama mama anayembeba mwana. Sisi waimbaji, pamoja na mkeo, tulishuka mpaka Same tukiwa tumejifunika majani ya migomba. Sikusahau hilo, na usidhani nimelisahau sasa.

Pale stesheni ulikataa kuachana nacho, ukapanda nacho behewa la mizigo. Mimi nikasafiri kwenye behewa la watu na kiwiko cha mtu nisiyemjua ubavuni mpaka Kahe, tukabadili gari, tukavuka. Upande wa pili askari wa mpakani alituzuia ofisini kwake. Alitaka kujua sanduku lile lina nini na kwa nini watu wa Tanganyika wanaingia Kenya wengi namna ile. Ukafungua kamba, ukaketi pale pale chini ya picha ya Mfalme wa Uingereza, ukapiga beti mbili. Askari akavua kofia. Hakuuliza tena barua ya ruhusa wala jina la mtu. Ukanigeukia na ule mtazamo wako wa "unaona?" Nilikuwa nikiuchukia mtazamo ule. Siku hizi ningetoa mbuzi niuone tena, lakini tuyaache hayo.

Kule shuleni tuliwakuta watu wamebanana kama mahindi guniani, na mvua bado inanyesha. Madawati yalikwishachomwa kabla hatujafika. Milango ilikuwa imefanywa machela ya kubebea wagonjwa. Tukashusha magunia yetu kwa shangwe, na wanawake wa pale wakachungulia ndani, wakatazamana, wakatushukuru kwa adabu. Mmoja wao, Wakesho, alikuwa amejifungua siku maji yalipoingia. Alichukua punje chache za mahindi mkononi, akazigeuza geuza, akazirudisha guniani. Niliona aibu mpaka nikajifanya natafuta kanga yangu.

Wewe ukapiga kinanda. Nitasema kweli, kwa kuwa hasira haininyang'anyi macho: waliimba. Wimbo wa kwanza waliusikiliza tu. Wa pili mzee mmoja aliyepoteza nyumba na mbuzi wote alianza kuitikia kwa sauti nzito kutoka kona, na wa tatu shule nzima ilikuwa ikiimba, watu wanalia na kuimba. Ulikuwa umesema kweli, walikihitaji. Ila ulipoinuka walikuwa na njaa ile ile.

Kesho yake uliondoka na wanaume kwenda na mitumbwi kuwatafuta watu waliokwama upande wa mashamba. Ukaniambia, "Niangalizie kinanda." Ndivyo ulivyosema, Baba Eliamani. Hukusema niangalizie watu.

Kufika saa nne Wakesho hakuwa na maziwa. Siku ya tatu hajapata kitu cha moto, na tangu jana anatafuna mahindi yetu aliyoyaloweka. Mtoto aliacha kulia, na wewe uliyelea watoto watano unajua kwamba mtoto mchanga akiacha kulia si kwa sababu ameridhika. Tulikuwa na nafaka ya kulisha mtaa, sufuria mbili, na kuni za kufukiza moshi tu. Nilizunguka shule ile mara mbili. Kila kilichokuwa kikavu kilikuwa kimekwisha kuungua, isipokuwa kimoja, kilichokuwa kimelala ndani ya turubai kikavu kuliko sisi sote.

Nikaomba shoka.

Sikusali kwanza. Watu hupenda kusimulia kwamba walisali kwanza. Mimi niliogopa nikisali nitapata jibu nisilolitaka. Nilianza na miguu, nikaja kifuniko, kisha ubavu. Mbao zilikuwa na rangi ya kung'aa, zilishika moto haraka na kunuka vibaya. Kila shoka liliposhuka kitu ndani kiliguna kidogo. Waimbaji wenzangu walisimama mlangoni wamejishika vinywa na hakuna aliyenizuia. Mahindi ya Wakesho niliyaponda kwa jiwe nikamkorogea uji, akanywa bakuli mbili bila kupumua. Sufuria nyingine nikabandika makande ya watu wote, na makande yale, kama nilivyokuambia jikoni, yalikula nusu siku. Yalikula kinanda chote.

Jioni mkarudi. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno yangu, na mengine ya kukujibu ukinigombeza. Ulisimama mlangoni, maji yanakuchuruzika, ukautazama moto. Ukayatazama yale meupe na meusi ya kubonyeza niliyokuwa nimeyarundika pembeni. Ukamtazama mtoto akinyonya.

"Makande yameiva?" ukauliza.

Basi. Ukaketi ukala. Ukauliza kama kuna chumvi. Halafu ukawaanzishia watu wimbo kwa mdomo mtupu, na kwangu mimi hukusema neno mpaka Same.

Tulipofika nyumbani baraza la wazee liliitwa baada ya ibada. Nilikuwa nimekwisha kuinuka upande wa wanawake, mwenyewe uliniona, ukawahi. "Kinanda kimeharibika mikononi mwangu," ukasema. "Mimi ndiye niliyekitoa, mimi ndiye niliyekiharibu." Waimbaji walioniona na shoka hawakukupinga, nikadhani umewaapisha. Mzee Yonazi, msemaji wa baraza, akaniambia nikae. Wakakuvua kwaya. Wakampa yule kijana aliyekuwa akiburuta nyimbo mpaka watu wanapiga miayo kabla ya ubeti wa pili, nawe wakakupeleka benchi la nyuma karibu na mlango, wanakokaa waliorudiwa na kanisa kwa makosa yao. Adhabu ilikuwa ya mwaka mmoja bila kushiriki Meza ya Bwana. Mwaka ulipokwisha wakakuruhusu urudi mbele, ukasema umezoea pale. Ukakaa pale miaka saba, mpaka tukakubeba.

Mara ngapi nilikuomba uniache niseme? Nilikuomba shambani. Nilikuomba siku ya ubatizo wa mtoto wetu Nakijwa. Nilikuomba ukiwa mgonjwa, na homa ikikutetemesha ukaniambia, "Hayo yamekwisha, Mama Eliamani. Ng'ombe amekunywa maji?" Nilikuwa na jibu kwa kila hasira ambayo mtu anaweza kuwa nayo, nawe ukaninyima hata moja. Unajua ni kazi gani kuishi na mtu asiyekugombeza?

Hasira yangu ikabidi iende mahali. Ikaenda kwa Mzee Yonazi. Miaka tisa nimempa shikamoo ya midomo tu. Alipofiwa na mkewe nilipeleka chakula msibani nikakiweka mlangoni nikarudi, kwa kuwa nilimwona ndiye aliyekudhulumu.

Jumapili iliyopita usharika umepata kinanda kipya. Siku hizi picha ya Mfalme maofisini imeshushwa ikawekwa ya Malkia, mwanetu Eliamani amekuwa mwalimu, na Mzee Yonazi, bila haya, akaniita mimi mjane wako nikifunue kitambaa. Nikaenda mpaka mbele. Nikakishika kitambaa, nikashindwa. Nikawageukia watu nikasema yote. Nikasema, "Cha kwanza nilikivunja mimi, kwa shoka, kwa mikono yangu hii. Mume wangu hakuwapo. Mmemwadhibu mtu asiye na kosa mpaka akafa."

Nilitegemea vishindo. Nikaona wanawake wanatazama magoti yao.

"Tunajua, mama," akasema Mzee Yonazi taratibu. "Alituambia juma lile lile mliporudi."

Ndipo nikasimuliwa, mimi, habari za nyumba yangu. Kwamba uliwafuata wazee kabla ya baraza ukawaeleza kila kitu. Kwamba siku zile mtu aliyeharibu kwa makusudi mali ya kanisa alitengwa na Meza ya Bwana mwaka mzima, na mama aliyetengwa mtoto wake hakubatizwa. Kwamba mimi nilikuwa na mimba ya Nakijwa, baada ya kuwazika wawili wasiobatizwa, nawe ukawaambia wazee kwamba nikimzika wa tatu hivyo sitaamka tena. Ukawaomba wakuadhibu wewe, nao wakakubali, wakanyamaza. Wake zao wakajua. Mlima mzima ukajua! Miaka tisa nimetembea na siri ambayo kila mtu kisimani alikuwa nayo.

Sasa nijibu. Nani alikuambia nisingeweza? Nilipasua kinanda cha Ulaya mbele ya wanakwaya wenzangu, halafu wewe ukaona siwezi kuulizwa uamuzi juu ya mtoto wangu mwenyewe? Labda ningekubali. Labda ningekushika miguu nikakushukuru. Lakini ungeniuliza! Na yule mzee umemwacha anivumilie na ujeuri wangu miaka yote hiyo, hata kwenye msiba wake, bila kufungua mdomo. Jumatatu nimekwenda kwake kuomba radhi. Akaniambia kuwa ulimwonya mapema kwamba nitamnunia, na kwamba nina moyo mzuri. Nimerudi nyumbani nikalia barabara nzima, kwa hasira, na kwa mengine.

Mtoto wa Wakesho yu hai. Ni msichana, ana miaka tisa, mwalimu wa kule ameandika kwamba anaimba kwa sauti kubwa na hapatani na wimbo. Nimekuambia hilo ili ulijue, si ili unisamehe. Ningekivunja tena kesho.

Leo imekuwa Jumapili nyingine. Nimeingia kanisani, sikwenda mbele kwenye kwaya. Nimekaa benchi la nyuma karibu na mlango, mahali pako, ambapo upepo unapiga shingoni na hukuwahi kulalamika. Ilipofika Meza ya Bwana watu wakainuka, mimi sikuinuka. Mchungaji akatuma mtu kuniita. Nikamwambia akamjulishe kwamba kuna mwaka mmoja ulikuwa wangu na mume wangu aliuchukua bila ruhusa, nami nimeanza kuukaa leo.

Pumzika, Baba Eliamani. Tutagombana nikija.

Mimi mkeo,
Mama Eliamani