Kituo cha Kotile Kiko Sebuleni kwa Abti

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana tangu Alhamisi hata chai hainishuki. Mimi ndiye msimamizi wa mawasiliano katika shirika letu la mifugo hapa Garissa, na mwaka jana dishi la setilaiti lilipotushinda bei nikapendekeza kila kituo kipewe kompyuta na modemu ya kupiga simu mara moja kwa siku, itume ripoti ya hali ya mifugo, ikate, bosi akafurahi akafuta hata safari za ukaguzi, na kituo cha Kotile, mbali na mji, nikamweka Abti Bulle, yaani mjomba, kaka wa mama yangu, awe karani, na kweli kituo cha Sangailu walilalamikia mtandao kila siku lakini Kotile haikukosa hata mara moja, mpaka nikaisifu mkutanoni. Basi Alhamisi mfugaji mmoja wa Kotile, Mama Saado, akanikuta sokoni akaniuliza mbona tulifunga ofisi ya Kotile, mbuzi wake wanakufa kwa ugonjwa wa mapafu na hakuna wa kuambiwa, nikamjibu hapana mama, ripoti yetu inasema mifugo ni wazima. Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Abti, hapa hapa mjini, nikitaka kumuuliza mkewe, nikamkuta Abti mwenyewe kwenye mkeka, kompyuta ya Kotile mbele yake, taa ya modemu inawaka, anaandika "mifugo wazima". Yeye hakushtuka, akaniambia, "Wallahi, Kotile network nakatika. Hapa iko sawa." Mama naye amesema nikimtaja ndugu yake ofisini nisimwite mama tena. Nifanye nini?

Ruweyda, Garissa

Ruweyda, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani macho yangu yana kasoro. Mtu amehamisha ofisi nzima akaufuata mtandao! Lakini na wewe nakulaumu. Kituo hakikosi hata siku moja mahali ambapo simu zenyewe zinasumbua, nawe hukushangaa kwa sababu karani ni abti yako. Kupunguza gharama si kosa. Kosa ni kufuta safari zote mkaiamini taa ya modemu.

Usingoje Jumatatu. Mwambie bosi leo, daktari wa mifugo aende Kotile. Kituo mpe mkazi wa pale, na mtandao ukikatika atume meseji ya kawaida, ni rahisi kuliko modemu yenyewe. Na kila wiki mpigie mfugaji mmoja, si karani, umuulize hali.

Mama yako mwendee wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, umwambie umeshasema. Usimwombe ruhusa. Atanuna, kisha atakuita unywe chai.

Ila kabla ya hao wote, mtafute Mama Saado. Wewe ndiye uliyemwambia mbuzi wake ni wazima. Muulize wamebaki wangapi.