Mlima wa Busisi Ndani ya Kioo

Jumapili, Agosti 1996

Yaani kile kioo cha kwanza ningekitupa ziwani. Juu kimetiwa weusi, chini kiko wazi, na katikati mstari umekatwa kama kwa panga. Mwanangu Maduhu alikisifu kwamba kikikaa mbele ya lenzi kinapunguza ukali wa anga, mawingu yaonekane. Mawingu yalionekana kweli. Mlima wa Busisi, nilikozaliwa, ukatoka mweusi kama sufuria ya ugali.

"Umeupaka mlima wa mama yangu masizi," nilimwambia alipoleta picha.

"Mama, kile ni cha kupigia ziwa tupu. Mlima umechomoza juu ya mstari."

"Sasa ulikichagua cha nini, mpiga picha mzima?"

Akacheka, mjinga yule ninayempenda.

Leo tumerudi Kigongo, ng'ambo ya ziwa kutoka Busisi, na kioo kingine, ambacho weusi wake unafifia polepole kuelekea chini. Nikachungulia kwenye kamera mimi mwenyewe, yeye akawa anakishusha.

"Shusha. Shusha tena. Hapo hapo, usitikisike!"

Mawingu yapo, mlima upo, hata njia ya ng'ombe naiona. Magoti yangu hayawezi tena safari ya kivuko, ndiyo maana naitaka picha hiyo mbele ya kitanda changu. Naogopa kusahau.

"Mama, mbona hutoki kwenye kamera? Jua linahama."

Nilikuwa natafuta moshi wa jikoni kwa mama. Alikufa zamani, najua, na nyumba ilishabomoka. Bado nilitafuta.

Nikamwambia apige hivyo hivyo, bila moshi.